Ile muvi ya wazee wawili wa New York: maswali mnayoniuliza kila siku

Nimeamua niandike mara moja niwe na amani, maana tangu niitaje hii muvi pale kijiweni Mwanga, hapa Kigoma, kila mtu ananivuta pembeni kuniuliza, mwingine ananong'ona kabisa kama tunauziana kitu cha magendo Kibirizi. Soma swali lako, mengine ruka. Ila swali la mwisho wa muvi nimeliweka huko chini kabisa, kama hujaiona usifike huko, alafu uje kunilaumu.

Muvi yenyewe inaitwaje na ni ya lini?

Inaitwa Love Is Strange, ya Marekani. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Sundance Januari 2014 na kwenye kumbi za sinema kule kwao ikaingia Agosti mwaka huo huo. Ni ya saa moja na nusu hivi. Aliyeiongoza ni Ira Sachs na ameiandika pamoja na Mauricio Zacharias. Wahusika ni Ben, mchoraji mwenye miaka 71, na George, mwalimu wa muziki. Wanaume wawili wapenzi, wameishi pamoja miaka 39, na muvi inaanza siku wanayofunga ndoa.

Kuna "mambo yale"?

Hamna. Najua wengi mmekuja kwa hilo, wengine kwa kuogopa, wengine kwa kutafuta, wote mtaondoka mikono mitupu. Wanakumbatiana, wanabusiana kama watu waliozoeana, wanalala wazee wamechoka. Tukio la ngono halimo. Kule Marekani waliipa daraja la R, yaani chini ya miaka 17 usiingie bila mzazi, na sababu iliyoandikwa ni lugha tu, maneno makali machache, watu wengi kule wakalalamika kwamba imeonewa kwasababu ya hao wahusika. Mimi nimeona muvi za ngumi za mchana kweupe zenye matusi mara kumi ya hayo na watoto wamekaa mstari wa mbele.

Sasa kama hakuna mambo yale, inahusu nini?

Inahusu pa kulala. Sitanii. Nimeiangalia mara tatu na kila nikiulizwa najibu hivohivo, hii ni muvi ya nyumba na kodi na kukaa kwa watu ukiwa umezeeka.

Iko hivi. Wamefunga ndoa, wamefanya kasherehe kwao, watu wamezunguka piano wanaimba, Kate mke wa mpwa wake Ben anatoa neno zuri la kuwasifia kwamba wao ndo mfano wa ndoa. Baada ya hapo George anaitwa na padri wa shule anayofundisha, shule ya Kikatoliki, anaambiwa picha zao zilizowekwa Facebook zimemfikia askofu, kazi imeisha. Mshahara wa George ndo ulikuwa unabeba nyumba. Wanauza fleti, makato yanakula karibu hela yote, na kinachobaki hakiwatoshi kupata pengine. Wanawaita ndugu na marafiki wakae kikao. Hapo ukiangalia nyuso za wale watu kwenye kikao, kila mmoja anaangalia kucha zake, utasema ni kikao cha ukoo cha Ujiji kuamua nani ambebe bibi.

Mwisho wa kikao hakuna mwenye nafasi ya kuwachukua wote wawili. Ben anaenda kwa mpwa wake Elliot, analala kitanda cha chini kwenye dabo deka ya mtoto wao Joey, kijana wa sekondari ambaye hakuulizwa. George anaenda kwa majirani, vijana wawili polisi nao ni wapenzi, analala kwenye kochi. Miaka 39 wamelala pamoja, na wiki chache tu baada ya harusi kila mtu na mji wake. Hiyo ndo muvi.

Mbona walimfukuza wakati walikuwa wanajua siku zote anaishi na mwanaume?

Hili ndo swali bora na George mwenyewe ndo anachomaanisha mle ofisini. Walikuwa wanajua, miaka na miaka, yule padri anamjua, wazazi wanamjua. Kilichobadilika ni karatasi. Jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuruhusu ndoa za jinsia moja Juni 2011, ikaanza kutumika tarehe 24 Julai, kwahiyo ndoa yao kwa serikali ni halali kabisa, ila shule ni ya kanisa na mwalimu anakuwa amekubali kuishi kwa mafundisho ya kanisa. Kuishi naye kimyakimya walifumbia macho, kutia saini wakashindwa kufumba.

Sisi huku tunalijua hilo jambo vizuri kuliko tunavyojifanya. Mtaani kuna mambo mangapi kila mtu anayajua na hakuna anayeyasema? Mwalimu wa kwaya ana mtoto nje, jumuiya nzima inajua, anapiga kinanda kila Jumapili, mpaka siku mtu asimame alitaje kwa sauti ndo anasimamishwa. Sisemi mambo yanafanana, nasema tu kule kulijua jambo na kulitangaza ni vitu viwili, na adhabu huwa inampata anayetangaza.

Na George hatoki pale akiwa amelitukana kanisa. Anasema imani yake bado anayo, padri anataka wasali pamoja, yeye anaomba asali peke yake. Kaka mmoja muumini sana niliyeangalia naye hapo ndo alinyamaza, mpaka mwisho hakuongea tena.

Kwanini wasipange chumba tu? Watu wa Marekani wana hela.

Hahaha. Nyie.

Kule New York wenye nyumba wengi wana hesabu yao, wanataka mapato yako ya mwaka yawe mara 40 ya kodi ya mwezi. Yaani nyumba ya dola 2,500 kwa mwezi unatakiwa uonyeshe unaingiza dola 100,000 kwa mwaka. Sasa mzee hana kazi, mwenzake anaishi kwa pensheni na anachora picha zisizouzika, atapeleka karatasi gani? Huku kwetu mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, dalali naye anataka ya mwezi mmoja yake, na ukiwa nazo basi hakuulizi unafanya kazi wapi. Kule anataka kujua mwaka mzima utakula nini. Sijui ipi nafuu. Mimi nilivyohama Katubuka kuja Mwanga niliuza friji, kwahiyo msinionyeshe Wamarekani wenye hela.

Si kuna mpwa mwingine alikuwa na nyumba kubwa? Wazee wanachagua!

Kuna ndugu yao anaishi Poughkeepsie, mji uko kaskazini ya New York, treni karibu saa mbili, ana nafasi. Wakakataa. Watu wengi hapa wanawakasirikia kwa hilo, eti maskini hachagui. Lakini George anatafuta wanafunzi wa piano wa kuwafundisha nyumba kwa nyumba, na wanafunzi wako mjini, marafiki zao wote wako mjini. Ni kama fundi cherehani mwenye wateja wake wote soko la Mwanga umwambie akakae Kasulu kwasababu kuna chumba cha bure. Chumba kipo, atakula nini? Ila nakubali kuna kiburi kidogo pia, wamezoea mji. Wazee wana haki ya kiburi kidogo.

Hivi kulala kwenye kochi nayo ni shida ya kutengenezea muvi?

Aliyeuliza hili hajawahi kulala kwenye kochi la watu.

Mimi nimelala. Nilivyomaliza chuo nikaenda Tabora kusubiri kazi niliyoahidiwa, nikafikia kwa mjomba wangu Isevya, vyumba viwili, yeye na shangazi chumba kimoja, watoto wanne kingine, mimi sebuleni. Nilisema wiki mbili, nikakaa miezi saba. Sasa kochi lina sheria zake ambazo hakuna anayekuambia. Huwezi kulala mpaka wa mwisho aliyekuwa anaangalia tivii aende, na mjomba alikuwa anaangalia taarifa ya habari, alafu marudio ya taarifa ya habari. Huwezi kuamka baada ya wa kwanza kuamka, kwahiyo saa kumi na moja shangazi akipita na ndoo we umeshakunja shuka umekaa wima kama mgeni wa msibani. Huna mahali pa kuweka mswaki. Wageni wakija mchana unahama na begi. Ukiumwa unaumwa mbele ya watu. Na hakuna aliyenisema hata siku moja! Hilo ndo lilikuwa gumu. Shangazi alikuwa ananipakulia kwanza mimi, na embe za Tabora ndo msimu wake ananiwekea zile nzuri, na mimi kila nikimeza nasikia ile methali, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe lenyewe silioni, nilitamani wanipe.

Sasa George amewekwa kwenye kochi la vijana wanaopenda pati. Kila usiku watu, muziki, vinywaji, na kitanda chake ndo wamekikalia. Anakaa pembeni anatabasamu. Molina, mwigizaji wa George, ameigiza lile tabasamu, la mtu anayesubiri wenye kitanda chake wainuke, mpaka nikahisi mgongo unaniuma. Kuna usiku mvua inanyesha anashindwa, anatoka anaenda mpaka kwa kina Elliot, mlango unafunguliwa anamwangukia Ben anaanza kulia. Hasemi kitu cha maana. Analia tu, mtu mzima, na koti limelowa. Mimi ningetamani siku moja pale Isevya niwe na mtu wa kwenda kumlilia hivo.

Yule Kate ni mbaya, si ndiyo? Alivyokuwa anamkunjia sura mzee.

Hapana na nimegombana na watu kwa hili. Kate ni mwandishi wa vitabu, anafanyia kazi nyumbani, ameketi na kompyuta yake, na Ben yuko pale anaongea. Anaongea. Hamna ubaya anaosema, anauliza hali, anakumbuka kitu, anasimulia, anamuuliza kwani yeye akikaa hapa anamsumbua. Kate anajitahidi, unaona kabisa anajitahidi, taya zinakaza. Na ni huyuhuyu aliyewatolea neno zuri siku ya harusi. Ben mwenyewe anasema maneno ambayo nimeyashika, kwamba ukiishi na watu unawajua zaidi ya unavyotaka kuwajua.

Sasa niwape siri. Yule mjomba wa Isevya, mke wake, shangazi, alifariki, na mguu unamsumbua, tangu mwezi wa pili yuko kwangu hapa Kigoma. Nimempa chumba, mimi niko sebuleni, ndiyo, kochi tena, la kwangu safari hii. Mimi kazi zangu nafanya kwa simu na laptopu asubuhi. Na yeye asubuhi ndo anakumbuka mambo ya reli. Alifanya kazi reli ya kati miaka na miaka, anakuanzishia kutoka stesheni ya Tabora unashuka Usoke, Urambo, Kaliua, Uvinza, mpaka Kigoma, na kila stesheni ina mtu na mtu ana habari yake. Nampenda mjomba wangu. Kufika Kaliua taya zangu zimekaza. Kwahiyo msiniambie Kate ni mbaya.

Hao waigizaji mbona kama nawajua?

Unawajua. Alfred Molina, huyo George, ndo Dokta Octopus wa Spider-Man 2, yule wa mikono ya chuma mgongoni. John Lithgow, huyo Ben, ni sauti ya yule bwana mfupi mbabe kwenye Shrek ya kwanza. Na Kate ni Marisa Tomei, ndo huyohuyo shangazi May wa Spider-Man wa siku hizi. Kwahiyo ukikaa vizuri ni Dokta Octopus analia kwenye mvua alafu shangazi wa Spider-Man ndo ana wageni ndani. Dogo mmoja alikuwa anasubiri mikono itoke.

Wenyewe ni wapenzi wa jinsia moja kweli?

Waigizaji hao wawili wameoa wanawake. Ira Sachs, mwongozaji, yeye ameolewa na mwanaume na hafichi.

Mbona inaenda polepole hivo? Na stelingi ni nani?

Hamna stelingi. Hamna adui pia. Padri sio adui, Kate sio adui, hata mwenye nyumba humwoni. Hizi ndo wanaita filamu huru, hazitengenezwi na hela za zile kampuni kubwa za Hollywood, mwongozaji anazungusha bakuli mwenyewe kutafuta wafadhili, kwahiyo hakuna anayemlazimisha aweke mlipuko dakika ya kumi. Kwenye tuzo za filamu huru za Marekani, Independent Spirit, ilikuwa kwenye zile tano zilizowania filamu bora mwaka ule. Muziki karibu wote ni piano ya Chopin. Kamera inakaa. Mtu akitoka chumbani kamera inabaki inaangalia chumba. Ukizoea muvi za kutafsiriwa zile za jamaa anapiga kelele juu ya sauti, nusu saa ya kwanza utaona kama laptopu imeganda. Vumilia. Au usivumilie, kalale.

Naweza kuionyesha bandani kwangu? Watu watajaa.

Usifanye hivo. Kwanza kuonyesha filamu yoyote kwa watu kunatawaliwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, Bodi ya Filamu ndo inakagua na kupanga madaraja, na hii sioni ikipita. Pili unajua nchi uliyopo, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa miaka 30 mpaka maisha kwa tendo lenyewe. Muvi sio tendo, lakini hutaki kuwa mtu anayelieleza hilo usiku mbele ya mgambo huku watu wamesharudisha tiketi. Majirani zetu Kenya mwaka 2018 walipiga marufuku Rafiki, ya wasichana wawili, mahakama ikaja kuiruhusu siku saba tu. Na ile ilikuwa tayari imeshachaguliwa kwenda tamasha kubwa la filamu la Cannes, Ufaransa.

Na wakijaa watajaa kwa lile swali la pili hapo juu, alafu baada ya nusu saa watadai hela yao.

Wewe sasa unaunga mkono au unapinga?

Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko yote, na kila mara na mtu ambaye hajaiona. Mimi naunga mkono wazee kuwa na pa kulala. Ukitaka jibu lingine ifikie kwanza dakika ya mwisho, tuongee tukiwa tumeona kitu kimoja.

Lugha je?

Kiingereza, cha kawaida, sio kigumu. Mimi huwa nasimamisha natafsiri kwa mdomo. Kuna mahali pamenishinda, utani wao wa wazee, nikasema tu "hapo wanataniana".

Kuna nyingine za namna hii, za wazee?

Zipo chache. Supernova ya 2020 ya Uingereza, Colin Firth na Stanley Tucci wanazunguka na gari la kulalia, mmoja anapoteza kumbukumbu, hiyo beba leso. Ila kwa watu wa huku mimi ningewaambia All Shall Be Well ya Hong Kong, ya Ray Yeung, ya 2024. Bibi wawili wameishi pamoja miaka mingi, mmoja anakufa bila wosia, nyumba iko kwa jina la marehemu, na ndugu wa marehemu waliokuwa wanakuja kula pale kila sikukuu wanaanza kuhesabu vyumba. Shemeji zangu waliiangalia kipande wakabadilika rangi, kwasababu mnajua wenyewe tulichomfanyia mjane wa kaka yetu mkubwa. Sitaendelea.

Inaishaje? (HUJAIONA RUKA)

Wanatoka wote wawili jioni, wanaenda kusikiliza muziki, wanapita baa moja ya zamani wanakunywa, Ben anamdanganya muuza baa eti alikuwepo siku za mapambano mwaka 1966, wapenzi wa jinsia moja walipodai wahudumiwe baa, ili wapewe kinywaji cha bure. Wanacheka. Alafu wanaagana kwenye ngazi za treni ya chini, Ben anashuka, George anabaki anaangalia. Unaona ni kuagana kwa kawaida, kesho si wataonana.

Alafu picha inahama na Ben ameshakufa. Hawakuonyeshi kitanda cha hospitali, hawakuonyeshi jeneza, hakuna. Unagundua kwa sababu George yuko kwenye nyumba mpya, aliipata kwa kijana mmoja waliyekutana kwenye pati ya walewale polisi, kijana alikuwa anahama anamwachia. Nyumba ipo. Wa kuishi naye hayupo. Joey analeta picha ya mwisho aliyokuwa anaichora Ben, anaomba msamaha hakuja kwenye kumbukumbu, anatoka, na kwenye ngazi za jengo anasimama analia muda mrefu sana, dirisha nyuma yake, kamera haisogei. Yule mtoto aliyekuwa amenuna kwa kitanda chake. Alafu anatoka nje kuna jua la jioni, yuko na msichana, wanateleza na vile vibao vya magurudumu barabarani.

Sikulia kwa Ben. Nililia kwa dogo pale kwenye ngazi.

Mjomba ameiona?

Ameiona nusu. Niliweka usiku mmoja nikidhani amelala, akaja na fimbo yake akakaa mwisho wa kochi, yaani kitandani kwangu. Sikuzima. Nilijua ataniuliza ni kina nani wale, nikawa natafuta maneno, lakini akaangalia kile kikao cha ndugu mpaka mwisho ndo akauliza, "Sasa wazee wote hawa wawili, hawana hata kiwanja?" Nikamwambia kule hamna mambo ya kiwanja. Akaguna. Ilipofika mmoja anapanda dabo deka akasinzia, nikamsindikiza chumbani.

Asubuhi mimi nafungua laptopu, yeye na chai yake, nikajua tunaanza Usoke. Akaniuliza kama wale wazee walipata chumba. Nikamwambia mmoja alipata.

"Mmoja?"

Nikasema ndiyo mjomba, mmoja. Akakaa kimya na chai yake, stesheni zote zile mpaka Kigoma hakutaja hata moja siku hiyo.